Mbuzi wa Mtandaoni

Mbinya alikuwa hatulii. Mwaka ule wa 2004 alikuwa akiandika tasnifu ya uzamili kuhusu umaskini katika vijiji vya Kangundo, na mtandao ulikuwa umemteka akili. Akitoka kufundisha katika shule ya Mumbuni, mguu wake wa kwanza ulikuwa saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Asome magazeti ya Nairobi yaliyowekwa mtandaoni, aruke kwenye taarifa za mashirika ya misaada, aingie maktaba ya chuo fulani cha ng'ambo inayotoa makala bure, kisha arudi magazetini kuona kama kuna jipya. Kila akitaka kuanza kuandika, roho ilimwambia kuna ukurasa mmoja zaidi, na asipouona ataaibika.

Msimamizi wake, Daktari Kitheka, alimpa kanuni moja: jambo likisemwa na vyanzo vitatu, liandike. Sasa vyanzo vyote vilisema kwamba baada ya ukame, kila boma la huko kwao lilibaki na mbuzi wawili. Sura nzima ya tatu ilisimama juu ya mbuzi hao. Ajabu ni kwamba zizi la mama yake lilijaa mbuzi, naye alilijua tangu utotoni. Lakini msomi akishasoma sana hupata upofu wake. Alijiambia kwao wamebahatika tu, mtandao mzima hauwezi kukosea.

Wiki ya kuwasilisha sura hiyo, wasiwasi ulimshusha kwenye tanbihi. Gazeti lilinukuu shirika. Shirika lilinukuu makala ya chuo. Makala ilinukuu utafiti mmoja wa mwaka 1995, na kijiji kilichohojiwa kilikuwa chao. Vyanzo vyote vilikuwa kinywa kimoja. Aliondoka saiba bila kuaga, akaenda nyumbani.

Mama yake, Wanza, alikuwa akipepeta mbaazi uani.

"Mwaitu, mama yangu, unakumbuka watu walikuja kuuliza mambo ya mifugo baada ya ule ukame wa zamani?"

"Kijana mmoja alikuja na makaratasi. Aliuliza niko na mbuzi ngapi."

"Ukamwambia?"

"Mbili. Ningemwambia nini? Ukihesabu mbuzi zako si zitakufa? Sisi wote tulimwambia hivyo, akafurahi akaenda."

Mbinya alitaka kucheka, hasira ikamzuia. "Sasa mimi niambie ukweli. Nikikosa hii sura nitarudia mwaka mzima."

"Siwezi sema. Lakini macho ni yako, na zizi ni hilo."

Akaenda, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu. Alipofika katikati, mbuzi mmoja mweupe akakohoa. Akakificha kidole kwapani, akaangalia kama mama amemwona. Alijaribu tena kimoyomoyo, akaogopa, akaacha.

Ijumaa alimweleza Daktari Kitheka yote, kwamba vyanzo vilikuwa kimoja, mbuzi wa mama walimshinda kuhesabu, na sura ya tatu hana.

"Mbinya," Daktari alisema, "mtu mzima umeshindwa kuhesabu mbuzi, na unataka digrii?"

Aibu ilimchoma, lakini hakuondoka. "Daktari, na nyinyi huko kwenu Masii, mko na mbuzi ngapi?"

Daktari akapanga kalamu zake mezani.

"Ziko tu," alisema mwishowe. Kisha, bila kumtazama: "Basi, nakuongezea muda. Niletee hiyo sura Agosti."