Chumba cha Juu, Upande wa Maji

Kwa majira manne ya joto mfululizo, mimi na mke wangu tulilala kwenye dabo deka. Yeye kitanda cha chini kwa sababu ya mgongo, mimi cha juu kwa sababu ya uungwana, mwanamume wa miaka arobaini na tisa ambaye akilala chali kitambi hufika darini kabla ya pua. Ukutani walikuwa wamechorwa samaki wanaotabasamu. Wenye nyumba walikitengeneza chumba hicho kwa ajili ya watoto. Mwanyumba wangu alikitenga kwa ajili yetu.

Mwanyumba, kwa asiyelijua neno hilo, ni mume wa dada ya mke wako. Wangu anasimamia ghala moja kule Landover, huku ughaibuni tunakoishi, na hata akiwa mapumzikoni huongea kana kwamba kuna lori linarudi nyuma. Ndiye aliyeanzisha wikendi zetu. Mara mbili kila kiangazi, Juni na Agosti, tulikodi nyumba ile ile ng'ambo ya Ghuba ya Chesapeake: yeye, mkewe na watoto wao watatu, sisi wawili kutoka Takoma Park, na rafiki zetu Wakongomani wa Falls Church, mume fundi wa kompyuta, mke muuguzi anayefanya kazi na mke wangu katika nyumba ya wazee. Juu kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilitazama barabara, wakalala Wakongomani. Kingine kilitazama maji, kina kitanda kipana kama uwanja, bafu lake na roshani yake. Hicho kilikuwa cha mwanyumba. Chini kulikuwa na samaki wetu, na kichumba cha kitanda kimoja kando ya jikoni ambamo tulirundika mizigo.

"Wenye watoto kwanza," alisema mwaka wa kwanza, akipandisha sanduku lake ngazini. Ningemwelewa, ila watoto wake walikuwa wameshashuka ghorofa ya chini ya ardhi na simu zao, na hatukuwaona tena mpaka Jumapili.

Mwaka wa pili akasema, "Profesa, nyinyi si bado mko fungate? Mnahitaji chumba kikubwa cha nini?" Huniita Profesa kwa sababu nafundisha vipindi viwili kwa wiki katika chuo kidogo. Fungate yenyewe ilikuwa na miaka kumi na saba.

Mwaka wa tatu ndio ninaotaka kuueleza vizuri. Mke wangu alikuwa amebadilishana shifti tatu ili apate wikendi ile. Wiki nzima alikuwa akiwainua wazee kutoka vitandani na kuwarudisha, na alisimama chini ya ngazi na mkoba wake, mkono mmoja kiunoni. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mwaka huu tungeweza kubadilishana vyumba, kwa sababu ya mgongo.

Mwanyumba alikuwa ameshika sahani ya nyama. "Shemeji," akasema, "lala tu kitanda cha watoto. Huenda bahati ikakuambukiza."

Tulikuwa tumeshapitia madaktari, na maombi ya kufunga, na majani ya kuchemsha yaliyotumwa kwa posta kutoka Bungoma. Mwanyumba alijua yote hayo. Mkewe alijua zaidi, na akageukia sinki. Rafiki yetu Mkongomani akatazama viatu vyake.

Mimi nilicheka. Si kwa nguvu. Kilikuwa kile kicheko cha mtu anayengoja nyama. Mke wangu akaingia chumba cha samaki akafunga zipu ya mkoba wake, kisha akaifungua, kisha akaifunga tena. Kuhusu jambo hilo hakuniambia neno lolote, siku ile wala mwaka uliofuata.

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani. Wengine wa rika langu hutaka amani, au kupunguza sukari. Mimi nilitaka mke wangu alale katika chumba cha juu, na nilitaka mwanyumba alishushe sanduku lake mwenyewe, ngazi baada ya ngazi, watu wakitazama.

Nafasi ilikuja mwezi wa Mei, ndani ya ndege kutoka Nairobi. Mama mkwe alikuja kututembelea, akafikia kwa mwanawe wa kiume kule Silver Spring. Hapo ndipo usomi wangu uliponisaidia kwa mara ya kwanza tangu nihitimu. Nilisomea sosholojia, na insha yangu ya mwisho ilihusu heshima ya ukwe magharibi mwa Kenya. Mke wangu, dada yake na mwanyumba wote ni wa huko. Kwao mwanamume halali nyumba moja na mama wa mkewe. Hampi mkono. Hapiti karibu na chumba chake, na akimwona mbele njiani hutafuta njia nyingine. Mwanyumba, na makelele yake yote, hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba ya Silver Spring mama akiwepo. Huleta mchele na mafuta akaviacha mlangoni kama mfanyakazi wa posta.

Mimi ni wa Nyeri. Kwetu tunamheshimu mkwe pia, lakini nilikuwa nimejishawishi kwamba hayo mengine hayanihusu. Mama hakuwahi kulala kwetu Takoma Park, ni kweli. Nilidhani ni kwa sababu kochi letu limezeeka.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mama aje bila mwanyumba kujua. Mwanyumba akimbilie hotelini. Mama, kwa kuwa ana magoti mabaya, alale kichumba cha chini karibu na jikoni. Chumba cha juu kibaki wazi.

"Mama angefurahi kuona maji," nilimwambia mke wangu.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko sentensi hiyo ilivyostahili. "Kweli," akasema. "Angefurahi."

Ijumaa ile ya Juni tulimchukua Silver Spring. Aliketi nyuma yangu, kitenge begani, mkoba mapajani. Kwenye barabara kuu ya Beltway magari yalisimama, kwenye daraja la ghuba yakasimama zaidi, na kwa saa tatu mama hakunisemesha hata mara moja.

"Mwambie mkwe apunguze mwendo," alimwambia mke wangu barabara ilipofunguka.

"Mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimesikia."

"Amesikia, mama."

Mtu aliyeandika insha kuhusu jambo hilo angegutuka. Mimi nilidhani kiyoyozi kina kelele. Baadaye walianza kuongea kwa lugha yao, ambayo baada ya miaka ishirini ya ndoa naielewa kiasi cha kuagiza chai. Mama akauliza kitu. Mke wangu akajibu kwa kirefu, akitazama nje. Mama akauliza kitu kingine kifupi, na wote wawili wakacheka. Nilicheka nao. Nilikuwa na furaha ya mtu anayepeleka zawadi.

Tulimkuta mwanyumba uani mbele ya jiko la kuchomea nyama, kifua wazi, kaptura ya maua, koleo mkononi. "Profesa!" akapaza sauti. "Umechelewa! Samaki wako wanakungoja!"

Nikazima gari. Nikashuka bila haraka. Nikamfungulia mama mlango wa nyuma.

Nimeona watu wakipokea habari mbaya. Sijawahi kuona mwili mkubwa vile ukitafuta mahali pa kuingia. Aliinama nyuma ya jiko, jiko halikumtosha. Alichukua kifuniko cha sanduku la barafu akajikinga nacho kifuani, akaanza kurudi kinyumenyume kando ya nyumba, koleo bado mkononi na kipande cha mbavu kwenye koleo. Mama alikuwa ameshageuka upande mwingine, kitenge usoni, akisubiri kwa subira ya mtu aliyefanya hivi maisha yake yote.

"Profesa," nikasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia, "umefanya nini?"

"Nimemleta mama aone maji!"

Mtoto wake mkubwa, aliyepanda juu kutafuta chaja, akamuuliza kwa Kiingereza kwa nini anamkimbia bibi.

Shemeji yangu, mke wa mwanyumba, akaja mbio, akamkumbatia mamake, kisha akanitazama mimi kwa macho ambayo nayahifadhi hadi leo. Na sanduku likashuka. Halikushushwa na mwanyumba mwenyewe, kwa sababu hakuweza kuingia ndani, na hilo liliniuma kidogo. Lilishushwa na mkewe, ngazi baada ya ngazi, likigonga kila moja. Nilisimama chini nikahesabu: kumi na tatu.

"Mama," nikasema kwa adabu nyingi, "tumekuandalia chumba hapa chini, kwa sababu ya magoti."

Mama hakunitazama. Alimtazama mke wangu. Kisha akazipanda ngazi kumi na tatu bila kushika ukuta, akafungua mlango wa chumba cha juu, na tukamsikia akikaa kitandani, akipima springi.

"Mimi na binti yangu tutalala huku," akasema kutoka juu. "Dada yake alale kwenye samaki. Na wakwe zangu? Wametafutiwa mahali huko nje?"

"Mkwe, mama," nikasema. "Ni mmoja tu."

Sauti yake ikashuka, ikimwendea mke wangu na kupita juu ya kichwa changu: "Mwulize huyo, kwani yeye alioa kwa jirani?"

Rafiki yetu Mkongomani alilazimika kukaa chini. Alicheka mpaka akatoa miwani. "Papa!" akasema. "Eh, papa! Mimi mama mkwe ya kwangu iko Bukavu. Merci Yesu!" Kisha akaenda garini mwake akanitolea hema, kwa sababu ni mtu mwema na daima ana vifaa.

Hoteli za karibu zilikuwa zimejaa wikendi ile, na hema lilikuwa la watu wawili, lakini watu wembamba. Tuliingia humo mimi na mwanyumba kabla giza halijatanda, tukalala migongo ikigusana kama ndugu waliogombana. Uani kule kuna kinamasi, na mbu wa kinamasi kile hawaogopi mtu.

"Profesa," akasema mwanyumba, akijipiga shingoni. "Una dawa ya mbu?"

"Sina."

Ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeshajipaka wakati anatafuta mahali pa kujisaidia. Aliniomba tena baadaye, safari hii kwa kutumia jina langu halisi, ambalo hakuwa amelitumia kwa miaka mitano, na nikasema tena sina. Wengine wangelainika hapo. Mimi nilifikiria dabo deka, nikageuka upande wangu.

Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba kama mandazi. Niliutazama vizuri kwenye mwanga, kila upande. Kisha nikatazama juu. Mke wangu alikuwa roshanini, mtu aliyelala vizuri: miguu juu ya kiti, kikombe cha chai tumboni, nywele ovyo. Mama alikuwa nyuma yake akimpaka mafuta mabegani. Chini, dada mtu alitoka chumba cha samaki akiwa ameshika kiuno, na hakuna aliyemwuliza alilalaje.

Mama alirudi Bungoma mwezi wa Julai. Ilipofika zamu ya Agosti, mwanyumba aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kabla hata sijaichemsha kahawa yangu: "Chumba cha juu ni cha shemeji na Profesa. Mama hayupo, sivyo?" Nilimwacha angoje siku nzima ndipo nikamjibu kwamba hayupo. Tulipofika, yeye na mkewe walikuwa wameshaingiza mizigo kwenye samaki. Alikuwa jikoni akikata vitunguu, na hakusema chochote kuhusu fungate. Nilipita mbele yake na masanduku yetu mara mbili. Mara ya pili hakikuwemo kitu ndani.

Juu, mke wangu alifunga mlango kwa ufunguo. Alivua viatu, akatoka nje kwenye roshani, akakaa. Maji yalikuwa yametulia, na jua bado lilikuwa juu.

"Ulikuwa na dawa ya mbu," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Uliporudi hukuwa na hata kipele kimoja."

"Nilikuwa nayo," nikakiri. "Na ningemnyima tena. Baada ya yale aliyokwambia mwaka ule, angeshukuru kwamba nilimnyima dawa tu."

"Unajua mama aliniuliza nini garini?"

"Nini?"

"Alisema watu wa Nyeri wana desturi zao. Kama kwenu si vibaya, ulale tu ndani, yeye atafumba macho. Akaniuliza mimi nataka vipi."

Nilikumbuka wakicheka. Nilikumbuka pia nikicheka nao.

"Na ukamwambia nini?"

Hakugeuka. Alikuwa akitazama mashua moja iliyokuwa ikivutwa na gari kutoka majini.

"Nilimwambia siku ile ya ngazi wewe na mwanyumba wako mlicheka pamoja," akasema. "Mlale pamoja."

Nilikuwa bado mlangoni, nimeshika sanduku tupu. Halafu akanyoosha mkono wake nyuma bila kunitazama, kiganja wazi, na nikadhani anataka nimshike.

"Dawa," akasema. "Wameanza kuniuma."

Nikamletea.