Kioo Juu ya Ufa

Mlinzi wa daraja la barabara ya Djugu alikuwa na sheria moja: kioo kikipasuka, daraja linafungwa. Kipande hicho cha kioo kilibandikwa kwa saruji juu ya ufa wa nguzo, ili kipasuke ufa ukipanuka. Kila asubuhi alikipangusa kwa mkono wa shati, kisha akaegemeza kiganja kwenye nguzo. Siku ya soko la Bule alikikuta kimepasuka, akashusha kizuizi. Mama Agathe, muuza maharage, akapaza sauti kutoka juu ya lori: "Papa, siye tutakula kioo yako? Soko iko inatungoja!" Watu wakacheka. Naye, ambaye hatukuwahi kuyaona meno yake, akacheka pamoja nao, akainua kizuizi. Daraja likaanguka na lori. Kicheko hicho kilimuua Mama Agathe na wote aliopanda nao.