Duara la Chokaa

Mpishi wa kona ile hupangusa mikono kwenye aproni hata ikiwa mikavu. Mchicha wake, anaoulima kwenye ndoo za rangi juu ya paa, hauna mpinzani. Ukibisha, kapimwe ulimi. Juzi watu wa manispaa walichora duara la chokaa mlangoni pake: hapo utapandwa mti wa kivuli, na benchi lake la pekee la wateja litaondoka. Alfajiri alilifuta kwa kandambili, akalichora upya mlangoni kwa jirani yake kinyozi. Mchana kinyozi alipokuja kula, alipakuliwa mlima.

"Shemeji, leo umeniota?"

"Kula, baba, kisipoe."

"Umeona mti wameuhamishia kwangu? Haidhuru. Wateja wangu watasubiri kwenye benchi lako."

Mpishi akapangusa mikono, akapangusa tena, na wala haikuwa na maji.