Kijani cha Mapema

Pale hotelini wafanyausafi walimwita Mama Kijani, na wala hakukasirika. Alikuwa msimamizi wa vyumba, na kishikwambi chake hakikumtoka mkononi. Wenzake walitania kwamba hata akioga hukiweka karibu na sabuni. Ndani yake mlikuwa na kalenda, kengele za kumkumbusha hili na lile, na programu aliyoipenda kuliko zote, ile ya vyumba. Chumba kichafu kilionekana chekundu. Kikishasafishwa anakigusa kwa kidole, kinageuka kijani, na watu wa mapokezi wanakiona papo hapo na kumpa mgeni ufunguo.

Sasa, msimamizi yeyote wa vyumba, siku akiamua kusema kweli, atakwambia kuwa kijani kile kina ujanja wake. Mapokezi hawana subira. Wakiona nyekundu wanapiga simu, na wakipiga simu kazi inasimama. Basi mtu anakigeuza chumba kijani mara tu mfanyausafi anapoingia na ndoo, akijua kwamba mpaka mgeni ajaze karatasi na kusubiri lifti, mashuka yatakuwa yameshatandikwa. Mama Kijani aliufanya ujanja huo kila siku na haukuwahi kumtupa. Kosa lake ni kwamba aliubeba mpaka nyumbani.

Mama yake mzazi alikuwa na kisukari, mtu wa kuchomwa insulini asubuhi na jioni. Kazi hiyo Mama Kijani aligawana na mdogo wake wa kiume, mlinzi wa zamu za usiku. Zamani walipigiana simu kuulizana nani kachoma, na simu hizo zikamchosha dada. Akatengeneza orodha kwenye kishikwambi, akaiunganisha na simu ya mdogo wake, akampa amri moja.

"Usinipigie kazini kuniuliza. Angalia rangi. Ikiwa kijani, mama ameshachomwa. Ikiwa nyekundu, mchome."

Mdogo wake alikuwa mtu wa kutii. Neno la dada yake alilishika kama alivyolishika lango la matajiri wake.

Asubuhi hiyo basi zima la wageni lilikuwa njiani, na Mama Kijani alikuwa akigeuza vyumba kijani huku anatembea. Meneja akamwita ghorofa ya pili. Mgeni mmoja aliyefika mapema alikuwa amefungua mlango akamkuta mfanyausafi kapiga magoti bafuni, povu limejaa hadi kizingitini.

"Hebu niambie," meneja alisema mbele za watu, "hiki kijani chako maana yake nini?"

Swali lilimganda. Alisogea pembeni ya korido, akafungua orodha ya nyumbani. Mama, sindano ya asubuhi: kijani. Alikumbuka kuigusa rangi hiyo akiwa mlangoni kwa mama, sindano bado iko mkononi, na simu ya mapokezi inaita. Baada ya hapo, hakumbuki kitu. Alichoma au hakuchoma? Alijaribu kujiona akimkunja mama mkono wa gauni, akaziona asubuhi nyingine zote, ya leo hakuiona.

Hofu ikamwingia. Angalau mara moja, alijiambia, rangi iseme kweli. Kwa kuwa hakuwa na hakika, akaigusa ikarudi nyekundu. Alikusudia kumpigia mdogo wake hapo hapo, amwambie asubiri, ampime mama sukari kwanza. Lakini meneja alikuwa mgongoni mwake.

"Njoo umwombe mgeni radhi mwenyewe."

Akaenda. Mgeni alikuwa na mengi ya kusema na hakubakisha hata moja.

Jasho lilimtoka. Akatia mkono mfukoni mwa sare safi aliyoivaa asubuhi hiyo kutafuta kitambaa, akatoa kipande cha pamba. Katikati kilikuwa na kidoa cha damu kilichokauka.

Kumbe alichoma! Alichoma, akabana kwa pamba, akaitia mfukoni huku simu iko sikioni. Na muda wote huu aliokuwa akiinamisha kichwa mbele ya mgeni, rangi ilikuwa nyekundu, na mdogo wake aliijua maana moja tu ya nyekundu. Insulini mara mbili katika mwili ule uliokonda ingeishusha sukari mpaka mama azimie, na pengine asizinduke tena.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena akiwa kwenye ngazi, haipatikani.

"Unakwenda wapi?" meneja alipaza sauti. "Basi limefika!"

"Nifukuze nikirudi!"

Nje alirukia pikipiki ya kukodi. Ndani ya mkoba kishikwambi kikaanza kulia, kikanyamaza, kikalia tena.

"Dada, unapigiwa," dereva alisema.

"Sipigiwi," alijibu, machozi yakimpeperuka na upepo. "Nakumbushwa mashuka. Wewe kimbiza tu, kaka yangu."

Alikuta mlango wazi. Mama alikuwa kitandani, gauni limelowa jasho, midomo inamtetemeka. Mdogo wake alikuwa amempakata, anamnywesha maji ya sukari kwa kijiko, nusu yanaingia, nusu yanatiririka kidevuni.

"Dada, niliona nyekundu," alisema hata kabla ya salamu, akilia kama mtoto. "Nikamchoma. Simu nayo ikaisha chaji, na siwezi kumwacha."

Dada alichukua kipimo, akatoboa kidole cha mama, na namba aliyoiona ilimkata maini. Wakaongeza sukari, kijiko baada ya kijiko. Walipompima tena namba ilikuwa imepanda kidogo, na jirani alikuwa nje anageuza gari la kumpeleka hospitali. Macho ya mama yakaanza kutulia, yakamtambua binti yake.

Mama Kijani akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Ni mimi."

Mama alilamba sukari midomoni. Akamtazama mwanawe wa kiume, kisha akamrudia binti.

"Nilimwambia umeshanichoma," alisema polepole. "Akanionyesha simu."