Kichwa Kilichodai Chake

Nilikana kwa miaka mingi, lakini nilikuwa nikinywa chai kwa siri, mimi mwalimu wa shule ya Wasabato, ambao dini yetu inaikataza, huku Nyacheki, tunakoilima bila kuionja. Mama mkwe, Msabato mkali, alipokuja kukaa nami, nikaiacha ghafla. Kichwa kikaanza kunigonga. Nikadhani ni malaria, kisha macho, kisha uvimbe wa ubongo. Daktari wa mjini nilimweleza yote, hata chai, nikamwachia namba ya simu ya shule, nikangoja majibu ya vipimo.

"Mwanangu, twende kwa omobari, mganga wetu wa vichwa, akupasue ngozi ya kichwa, akwangue fuvu," mama mkwe akasema. "Baba mkwe wako alipona."

Nikakubali, mimi na digrii yangu. Tulipopita shuleni kuomba ruhusa, simu ya ofisini ikalia. Mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, akapokea.

"Daktari anasema huna ugonjwa, mwalimu," akatutangazia. "Kichwa kinadai ile chai uliyoiacha."