Kiganja cha Mama

Nikiwa na miaka minane, kwetu Kosele, niliamini kwamba marehemu hawaendi mbali. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wanawake walimtajia majina ya wafu wa ukoo, moja moja. Lile atakalonyamazia ndilo lake, na mwenye jina amerudi.

Dani, mama yake baba, ndiye aliyenilea. Nililala kitandani mwake, nikala viazi vitamu kwenye sahani yake. Alipozidiwa na ugonjwa, mama akiwa mjamzito, aliniambia, "Usilie, nyakwara, mjukuu wangu. Nitarudi kwa tumbo la mama yako."

Akafa. Mimi nikawa nalingoja lile tumbo.

Mdogo wangu alipozaliwa, siku ya nne mchana akaanza kulia. Waya, dada yake baba, akamwinamia.

"Awuor? Ni wewe, Awuor?"

Hilo lilikuwa jina la Dani. Mtoto akazidi kulia. Waya akarudia mara tatu, machozi yakimtoka.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, karibu na magoti ya mama, na kutoka pale chini niliona wasichokiona wengine: ndani ya leso, mama alikuwa ameziba titi kwa kiganja. Waya alipofika kwenye "Anyango", jina la marehemu mama yake mama, kiganja kikaondoka. Mtoto akanyamaza. Vigelegele vikapigwa.

Jioni, tulipobaki wawili, nilimuuliza mama kwa nini amemfungia Dani mlango. Hakukana.

"Wewe ulimpenda, sawa. Mimi nimepikia yeye miaka kumi, hajawahi sema asante. Saa hii niamke kila asubuhi nikimwita?"

Sikumsamehe. Aliniibia mtu wangu, na mbaya zaidi, alimtia doa Dani niliyemjua mimi.

Mwaka jana tulimzika mama. Mwezi uliopita nikajifungua binti, huku Suna ninakoishi, naye akalia vilevile. Waya, mzee sasa, alikuja akaanza na jina la mama.

"Akinyi? Ni wewe, Akinyi?"

Mkono wangu ulikuwa umeshaziba titi. Waya akarudia, akarudia tena. Nilimwonea mama huruma, nikawaza amesimama nje akiomba kuingia, na bado mkono sikuuondoa mpaka nilipomsikia Waya akisema, "Awuor?"

Anyango, mdogo wangu, alipiga vigelegele kuliko wote. Nilidhani ningefurahi. Lakini kila asubuhi nikimwita binti yangu, anayenijia kwanza ni mama.