Boneti Iliyofika Kifuani

Yule fundi cherehani walimbandika jina la Sindano: mfupi, mwembamba, na akikuchoma kwa ulimi utaruka. Mguu wake wa kushoto aliuburuza kidogo. Zamani, akivuka barabara, teksi ndogo ilimpiga miguuni, akaangukia juu ya boneti. "Nilikaa pale kama bibi harusi," alizoea kuwachekesha wateja. Mfupa uliunga, maisha yakaendelea.

Mdogo wake, mpishi wa shule, hakubaki kusimulia. Gari kubwa, lile la pua iliyonyanyuka kama ukuta, lilikuwa likikata kona kuingia geti la shule kwa mwendo wa kobe. Lilimpiga kifuani, likamwangusha, likampanda. Dereva aliapa kwamba hakumwona, na Sindano alimwamini. Hilo ndilo lililomchemsha damu: watu wanauziwa gari ambalo ukiwa kwenye usukani humwoni mwanamke mzima aliye mbele yako, kisha akifa wanasema ni bahati mbaya!

Msibani shemeji mmoja akajikohoza. "Pengine marehemu hakuangalia."

"Aliangalia!" Sindano alimkatiza. "Mimi nilipigwa kwa kasi zaidi, na niko hapa naongea. Mimi nilirushwa juu, yeye alisukumwa chini. Usimtwike maiti kosa la chuma."



Matanga hayajapoa, kaka yao mdogo akaja kwenye karakana ya Sindano akipiga honi. Naye kanunua gari kama lile. Pua ileile, kimo kilekile. Sindano alisimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Usinitazame hivyo, dada," kaka alisema akishuka, na kushuka kwenyewe kulikuwa kama kutoka darini. "Barabara zimejaa majitu. Nina watoto. Bora na mimi niwe jitu. Humo ndani mtu yuko salama."

"Wa ndani. Na sisi wa nje?"

"Mimi naendesha kwa uangalifu."

"Rudi ukae kwenye usukani."

Alirudi, akicheka. Sindano akaenda mbele ya gari, karibu kabisa. Ukingo wa boneti ulimfika kifuani, pale pale alipopigwa marehemu. Akapiga bati kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu zake zote.

Kaka akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Mwishowe akafungua mlango. "Dada, uko wapi?"

"Nipo hapa hapa!" Sauti ilimpasuka. "Nimesimama mchana kweupe mbele ya kaka yangu wa tumbo moja, naye ananiuliza niko wapi!"

Kaka alizima injini. Alikaa kwenye ngazi ya gari, akalia kilio ambacho hakukilia msibani. Sindano hakumbembeleza. Alimpa maji, akarudi kwenye cherehani.

Gari hakuliuza. Alisema atapata hasara, kisha akasema mkewe amelizoea. Siku hizi akija kwa dada yake huliacha gari kwenye barabara kuu, akatembea uchochoro mzima kwa miguu, na Sindano humkaribisha kama ndugu anavyokaribishwa. Ila akimwambia, "Twende nikupeleke sokoni," jibu ni lile lile.

"Natembea. Na wewe ukiniona njiani, kama utaniona, simama."